Nilivyomzika Kaka Yangu Babeli

Wenzangu wa mashine ya kukoboa, kila siku mnaniuliza ilikuwaje, na kila siku najibu "aah, kawaida tu," kisha naenda kushona magunia. Mnajua mdomo wangu. Neno likitoka, mlioniuliza mmeshaondoka. Ndiyo maana nimeliandika daftarini, polepole, siku nne mfululizo, ili kila mtu asome kwa wakati wake na mimi niwe mbali.

Mlichokisikia ni kwamba nilituma nyumbani habari ya kifo cha mtu aliye hai. Ni kweli. Ila mkianzia hapo mtaniona mjinga kuliko nilivyo. Mkianzia mwanzo mtaniona mjinga kwa kiasi changu.

Malinyi, nilikotumwa

Baba yetu ana mtoto wa jicho. Jicho la kushoto limeshaziba, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kupitia gunia. Hospitalini walisema wanaweza kumfanyia upasuaji, lakini baba akakataa kupanda gari. Alisema wakikosea, atabaki maisha yake yote na kile alichokiona mwisho, na alichotaka kukiona mwisho ni Festo.

Festo ndiye kaka yangu mkubwa. Miaka miwili iliyopita alisinzia akilinda mpunga, ng'ombe wa watu wakaingia, wakala karibu nusu ya shamba. Baba alimchapa fimbo mbele ya majirani wote waliokuja kutusaidia kuvuna. Festo alikuwa na miaka ishirini na sita. Alichukua panga lake akaenda kukata miwa upande wa Kidatu, kwenye kambi inayoitwa Babeli, na tangu siku hiyo simu yake haikupatikana.

Nyumbani jina hilo lilikuwa zito. Kwa baba, Babeli ni kule ambako watu walipelekwa mateka wakakaa kando ya mito wakilia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na katekista, na kila akilitaja alishusha sauti kama anayetaja kaburi. Kwa mama, Babeli ni mnara na watu kuvurugikiwa lugha. Aliniuliza nitapataje njia huko, ikiwa hata hii lugha yangu moja inanishinda.

Nilichaguliwa mimi kwa sababu dada ana mtoto mchanga, na baba mdogo ana mpunga uwanjani. Hakuna aliyesema kwamba ninafaa. Mama alinifungia kitoga wa kukaushwa kwenye gazeti, samaki ambao Festo anawapenda, akanihimiza nisiwaache juani. Baba alinishika bega, akaniangalia kwa lile jicho moja, akasema, "Usimletee maneno mengi. Mlete yeye." Alikuwa anamwambia mtu ambaye hana hata maneno machache.

Malinyi hadi Ifakara: naokoka darajani

Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja mwenye Biblia ya zipu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akauliza mwanangu unakwenda wapi. Mtu mwingine angesema Kidatu. Mimi nikiulizwa ghafla husema ukweli wote, kwa sababu uongo unahitaji kufikiri. Nikasema, "Babeli."

Aliondoa kiwiko chake kwangu. Kisha akakirudisha kwa huruma. Akaanza kunieleza kwamba Babeli si mji tu, ni dola. Ni mwanamke aliyevaa zambarau, amelewa, ameketi juu ya mnyama, wafalme wote wa dunia wanamfuata, na mwisho wake ni kuanguka. Nilitaka kumwambia kwamba ni kambi ya wakata miwa. Sentensi yenyewe niliipata tukiwa Mtimbira. Tulipofika Lupiro ilikuwa bado mdomoni, na mama yule alikuwa ameshaniwekea mkono kichwani.

Aliomba kwa sauti. Wa viti vya nyuma wakaitikia. Harufu ya kitoga ilipozidi kwa joto, alisema ni roho mchafu anatoka, na mimi nikamwacha aamini hivyo kwa sababu niliona aibu kutaja samaki. Akaniuliza kama niko tayari kutoka Babeli. Nilisema ndiyo, ingawa nilikuwa sijafika. Basi lilipokuwa juu ya daraja la Kilombero watu walipiga makofi. Mimi Mroma wa kubatizwa na kipaimara, nilivuka mto nikiwa nimeokoka.

Tulipoteremka Ifakara alinipa namba yake ya simu, akanisindikiza hadi nje ya stendi ili nisipande basi la Kidatu. Nilimshukuru. Nilizunguka nyuma ya maduka, nikasubiri aondoke, ndipo nikapanda basi la Kidatu.

Mang'ula: mkanda wa feni

Kabla ya kufika Mang'ula mkanda wa feni ulikatika. Kondakta alisema ni dakika kumi. Dereva akavua shati, na hapo wazoefu wote wakateremka kwenda kutafuta chakula. Mimi nilikaa ndani peke yangu dakika kumi zile za kondakta, kisha nyingine kumi, hadi alipokuja kuniuliza kama ninaumwa.

Kwa mama ntilie niliagiza wali na maharage. Akaniletea ugali na dagaa, nikala, nikasema ni mtamu. Benchini kulikuwa na kijana mwenye rasta anayeuza kofia, na mzee mmoja mwalimu mstaafu aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake. Walishamsikia kondakta akiniuliza ninashukia wapi.

Yule wa kofia alinigonga ngumi ya kirafiki. Alisema yeye huiita Babiloni, na kwamba si lazima mtu apande basi kuifuata, maana ipo kila mahali. Akaelekeza kidevu kwenye meza ya pili, ambako askari wa barabarani alikuwa anakunywa supu. Kwake Babiloni ni yeyote mwenye sare na uwezo wa kukusimamisha. "Si kweli, mwanangu?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa kukubali, kama ninavyokubali kila kitu. Askari akainua macho kutoka kwenye supu, akauliza, "Unakubali nini, kijana?"

Nikasema, "Shikamoo."

Akasema marahaba, akarudi kwenye kongoro lake. Yule wa kofia alicheka hadi akaangusha bidhaa.

Mwalimu alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa mtu wa kuongea taratibu, kama anayeandika ubaoni, na nikampenda kwa hilo. Alisema Babeli na Babiloni ni jina lile lile, limepita tu katika midomo tofauti. Ulikuwa mji wa kweli, kwenye bonde la mto kama hili letu, mashamba yao ya shayiri yakinyweshwa kwa mifereji. Mawe hawakuwa nayo, wakajenga kwa matofali. Baadaye mji ukameza miji mingine, na jina la mji likawa jina la dola nzima.

Nilimuuliza maana yake. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza tangu Malinyi, na lilitoka kwa sauti ndogo hivi kwamba alinitaka nirudie.

"Wenye mji walisema ni lango la mungu," alisema. "Waliopelekwa pale wamefungwa kamba walisema ni mvurugano. Ukitaka kujua jina la mji lina maana gani, muulize mtu aliingiaje."

Kisha akaniuliza dini yangu. Nikasema Roma. Akauliza kama nimeshafika Roma. Nikasema hata Morogoro mjini sijafika. "Sasa unaona," alisema. "Majina ya miji mikubwa yanatembea kuliko watu. Yanamkuta mtu shambani kwake, na yeye anayavaa."

Nililipenda neno lile la lango. Niliamua nikifika nitamwambia Festo, ili nionekane nimesafiri. Dereva akavaa shati, tukaondoka. Zilikuwa zimepita saa nne.

Kidatu hadi kambini

Kidatu nilipanda bodaboda. Dereva hakushangazwa kabisa na jina. Alisema kambi ile ilipewa jina hilo na nyapara mmoja wa zamani aliyechoka kukariri makabila ya vibarua wake, akawa anawaita wote "nyie Wababeli". Yeye alikusudia kuwadharau, lakini wao wakalipenda. Sasa timu yao ya mpira inaitwa Babeli Stars, na mtu akizaa anasema amezaa Mbabeli. Tulipita katikati ya miwa iliyochomwa tayari kwa kukatwa, majivu yakituangukia. Nilifika mweusi, mwenye njaa, nikinuka samaki.

Nilitegemea mnara, mto wa kulilia, mwanamke wa zambarau, au angalau lango. Nilikuta nyumba fupi za matofali mistari miwili, kamba za nguo na bomba la maji. Kulikuwa na msiba. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba mbili, wanaume wamekaa kwenye magunia, wanawake wanapika kwa sufuria kubwa. Mzee mmoja wa kambi, Mhehe, alikuwa amezikwa jana yake.

Babeli: nafanya nilichofanya

Hapa niwaombe mnielewe. Sisi Wapogoro tuna watani zetu Wangoni. Mababu walipigana, wajukuu tukaachiwa ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Hata Wahehe ni watani wa Wangoni. Na mtani anafanya kazi yake hasa kwenye msiba: anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anatangaza vifo vya uongo, na anayetaniwa anatakiwa kujibu kwa tusi kubwa zaidi. Kila mtu anajua hili. Hata mimi ninalijua, lakini kwa kusikia, kwa sababu kila msiba nyumbani mimi hujificha upande wa kuni.

Mtu aliyenipokea alikuwa amevaa koti la kizee, ndani nje, na kiatu kimoja, akichechemea. Nilimwona kama mgonjwa wa akili, nikamwonea huruma. Angekuwa kijijini kwetu ningejua ni Mngoni hata kabla hajafika. Lakini pale walikuwepo Wahehe, Waha, Wanyakyusa, Wasukuma na Wangoni, na wote walisema Kiswahili kile kile cha haraka. Katika Babeli ya mama, watu walipotezana kwa sababu lugha zilikuwa nyingi. Mimi nilipotea kwa sababu ilikuwa moja.

Nikamwambia namtafuta kaka yangu Festo.

"Kwanza niambie, kabila gani wewe?"

"Mpogoro."

Alishusha pumzi ndefu. Akavua kofia. Nyuma yake wanaume kadhaa waliziba midomo kwa mikono, nikadhani wanazuia kilio.

"Umechelewa, mdogo wangu," alisema. "Festo tumemzika jana."

Nilikaa chini, kifurushi cha kitoga mapajani, nikalia. Walisubiri nijibu tusi. Mimi nikazidi kulia. Basi wakaamua kwamba nimejibu kwa njia hiyo, kwamba huyu Mpogoro ni mtani mkubwa kuliko wote, anamlilia mtu aliyekwenda kukata kuni. Walinipigia makofi. Mama mmoja akaniletea sahani ya wali na nyama, na nasema kwa aibu kwamba niliula wote, huku nalia.

Kisha nikaenda nyuma ya choo kutoa taarifa. Kupiga simu sikuweza, kwani ningelazimika kusikia mama akilia, na mimi ningenyamaza tu hadi salio liishe. Nikaandika ujumbe kwa baba mdogo, namba pekee ya nyumbani niliyonayo. "Festo amefariki. Wamemzika jana. Nipo Babeli. Poleni." Nilichukua karibu robo saa, kwa sababu sikuwa na uhakika kama mfiwa anaruhusiwa kusema poleni. Nikatuma. Ukaenda haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Niliporudi turubaini, Festo alikuwa anashusha mzigo wa kuni begani.

Nilisimama tu. Yeye ndiye aliyeniona, akaniita Gaudensi, akaja akanikumbatia, akauliza mbona nanuka kitoga. Aliniambia simu yake ilianguka mtaroni siku ile ile aliyoondoka, na namba zote zikaenda nayo. Tulikaa kwenye kizingiti chake. Nikampa ujumbe wa baba: jicho moja limeziba, la pili linaziba, na hatakwenda kwenye upasuaji mpaka amwone.

Festo alikifungua kifurushi cha kitoga, akaanza kuwabandua ngozi. Nilifikiri hili ndilo lango, nikakumbuka maneno ya mwalimu, nikayasema. Yalitoka yamevurugika. Nilisema Babeli maana yake ni mlango wa matofali.

"Alinipiga mbele ya watu," alisema Festo. "Akitaka nirudi, aseme mbele ya watu. Siyo akutume wewe uje kuninong'oneza."

Nilikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki cha kusema.

"Kaka, kuna jambo lingine. Nimeshawaambia umekufa."

Kwanza alicheka. Alicheka hadi yule mwenye koti akaja kusikia utani mzuri. Nikawaonyesha simu. Festo alisoma, akasoma tena, kicheko kikamwishia usoni kidogo kidogo. Akauliza swali moja tu, kama mama ameshasikia. Tukapiga. Sasa, simu ya baba mdogo inashika mtandao akiwa amesimama juu ya kichuguu kilicho nyuma ya banda la mbuzi, na mtu aliyepata habari kama ile habaki juu ya kichuguu. Tulipiga hadi jua likazama, haikupatikana.

Mwenye koti ndiye aliyeumia zaidi. Jina lake ni Ngonyani, jina la Kingoni kabisa, na kama angelitaja mwanzo nisingeandika habari hizi. Alivua koti la marehemu, akalikunja. Alisema katika maisha yake ameua Wapogoro wengi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kutangazwa kwao. Kisha akamgeukia Festo.

"Nimekuua mimi, nitakufufua mimi. Asubuhi tunaondoka wote."

Festo akasema haendi. Ngonyani akamwambia asiende, ila aelewe kwamba kesho mama yake atanyolewa nywele kama mfiwa. Festo aliingia ndani. Nilimsikia akitafuta viatu.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na mkasa wowote, na hilo lilinisumbua, maana nilitaka mkanda wa feni ukatike tena. Ngonyani alikaa kati yetu. Nilimuuliza kwa nini wanalipenda jina lile, nao waliitwa kwa dharau. Alisema mgeni wa mji mwingine anaulizwa anatoka wapi mpaka kufa kwake. Babeli hakuna anayeuliza, isipokuwa mtu anataka kukutania. Nadhani ni maana nzuri kuliko zote nilizopewa njiani, na ni yeye pekee aliyenipa bila kunifundisha.

Tulifika kijijini alasiri. Tulisikia vilio kabla ya kuona nyumba. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile ya mavuno, wamekaa hadi chini ya minazi ya jirani. Ngonyani alituzuia nyuma ya banda la mbuzi, akasema mtu aliyeliliwa haingii hivi hivi, ataua wengine kwa mshtuko. Akaenda peke yake. Akasimama katikati ya uwanja, mgeni asiyejulikana na mtu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wapogoro, mimi ni Mngoni. Mmelia bure. Maiti yenu imekataa kuzikwa, ipo bandani inaogopa fimbo."

Kisha bibi mmoja mzee akamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika, na kila mtu akaelewa kwamba ni kweli. Mama alikuja mbio hadi bandani, kichwa kikiwa bado na nywele zake zote, namshukuru Mungu. Alimshika Festo, kisha akanishika mimi sikio, na sikio hilo hakuliachia hadi tulipofika uwanjani.

Baba hakuinuka kwenye mkeka. Uso wake ulikuwa umevimba. Alisema, "Mleteni mwangani," nasi tukamweka Festo upande wa magharibi, jua likimpiga usoni. Watu wote walikuwa wamesimama.

"Nilimpiga huyu mbele yenu," baba alisema. "Nilikosea. Naomba anisamehe, na nyie mkiwa hapa hapa."

Festo akapiga magoti. Baba alimshika kidevu akamgeuza huku na huku, kama mtu anayesoma kwa shida. Ilichukua muda mrefu hadi watu wakaanza kutazama chini. Festo, ambaye si mtu wa haya kama mimi, akaona aibu. Akauliza, "Baba, nimekonda?"

"Kukonda sikuoni," alisema baba. "Nakuona wewe."